Kengele Iliyovaa Tairi

Niliisikia kabla sijafumbua macho: chuma kikigonga chuma, mara moja, kisha sauti ndefu ikitambaa hewani kama mtu anayevuta shuka taratibu kutoka kitandani. Nilikuwa katika chumba changu cha kupanga hapa Dar es Salaam, asubuhi moja ya Kwaresima, na kwa kitambo kifupi mwili wangu haukujua kwamba umeshakuwa wa mtu mzima. Miguu ilitaka kuteremka ikatafute ndara. Mkono ulipapasa ukingo wa kitanda cha Bibi. Nikasubiri pigo la pili, kwa sababu kwetu hayakuwa yakija moja moja. Lilipokuja likafuatwa na tusi la mwanamume na mlio wa pampu ya upepo, nikakumbuka kwamba chini ya dirisha langu kuna kijana anayeziba pancha, na alikuwa anagonga rimu ya lori la mtu ili aling'oe tairi lililoganda.

Wewe unayesoma huenda huamshwa na jogoo, au na redio ya jirani. Mimi nimelelewa na rimu.

Kanisa letu la Anglikana lilikuwa Musoma, juu kidogo ya Nyasho, mahali ambapo nyumba zinaanza kupishana na mawe makubwa na ziwa linaonekana kwa vipande. Lilikuwa dogo, la matofali ya kuchoma, bati lake limeshika kutu rangi ya chai. Halikuwa na mnara. Kengele yake ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa kamba kwenye tawi la mgunga nje ya mlango. Lori lenyewe lilikuwa la wamisionari, nalo lilifia uani pa kanisa zamani kabla sijazaliwa, na watu wakaligawana kama ng'ombe wa sikukuu. Mlango mmoja ulikwenda kwenye banda la kuku la mtu, viti wakavikalia wazee wa kanisa, na injini hakuna aliyejua ilikoishia. Rimu moja tu ndiyo iliyobaki na Bwana.

Mwenye kuipiga alikuwa Bibi, mama mzazi wa baba yangu, mjane wa katekista. Babu alipofariki, nyundo ilibaki nyumbani kwetu pamoja na Biblia yake na koti lake la mvua, na hakuna mzee wa kanisa aliyethubutu kuja kuidai. Bibi alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya mtu mrefu. Aliipiga rimu ile kwa namna ambayo wavuvi waliotoka kisiwani Rukuba walisema, siku isiyo na upepo, kwamba waliisikia wakiwa bado majini.

Babu alikuwa ametuachia desturi moja ambayo sijaikuta katika kanisa jingine kwa namna ileile. Alhamisi Kuu, baada ya Meza ya Bwana, rimu ilipigwa pigo moja tu, kisha Bibi aliikumbatia kwa mikono yote miwili mpaka mtetemo ukaisha kifuani mwake. Kuanzia hapo kengele ilikuwa imekufa. Ijumaa Kuu sisi watoto ndio tuliotumwa kupita nyumba kwa nyumba kuwaita watu, na tuliagizwa tusigonge mlango wa mtu, tuite kwa mdomo tu, kwa sauti ya chini, kama wanaopeleka habari ya msiba. Rimu haikulia tena mpaka Jumapili ya Pasaka, jua likianza kuchungulia. Hapo Bibi aliipiga kama mtu anayebomoa ukuta.

Sijapata mahubiri yaliyonieleza Pasaka vizuri kuliko hayo. Kulikuwa na kimya, kisha kimya kikapasuka.

Mwaka ninaotaka kukusimulia, Kwaresima ilikuwa imetutangulia. Ilikuwa ile miaka ya shida ambayo watu wazima wa wakati ule huitaja mpaka leo wakishusha sauti. Nguo tulizifua kwa majani ya mpapai. Chai tuliinywa na kipande cha muhogo badala ya sukari. Foleni ya dukani ilianza kabla watu hawajajua siku hiyo kunauzwa nini, na kuna aliyesimama tangu alfajiri akaondoka na betri za tochi ilhali tochi hana. Jumatano ya Majivu, Kasisi alipotupaka msalaba kwenye paji la uso kwa majivu ya makindu ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, yenye harufu ya moshi na mafuta ya taa, Bibi alimnong'oneza jirani yake kwenye benchi, "Safari hii angejipumzisha tu. Tumeshapauka wenyewe kwa kukosa mafuta."

Katika shule ya Jumapili, mwalimu alituuliza kila mmoja atajinyima nini mpaka Pasaka. Mvulana mmoja akasimama kwa heshima zote akasema atajinyima sukari, na darasa likaangua kicheko hata mwalimu akageukia ukutani. Mwingine akasema nyama. Huyo alizomewa. Zamu yangu ilipofika niliomba nikamuulize Bibi.

Nilimkuta anachambua dagaa kwenye ungo.

"Wewe jinyime kuuliza mama yako anarudi lini," alisema bila kuinua kichwa. "Hicho ndicho ulicho nacho kingi."

Ilikuwa kweli. Baba alikuwa kazini Mwanza, na mama alikuwa amesafiri kwenda Bunda, kwa dada yake, kutafuta mtama wa kutufikisha kwenye mavuno. Aliondoka akisema ni safari ya siku chache. Halafu mtama ukachelewa kukauka. Halafu dizeli ikakosekana. Halafu ikasemekana kunatakiwa kibali cha kusafirisha nafaka, na mwenye kuandika kibali yuko safarini. Kila habari iliyotufikia ilianza na halafu.

Basi nikajinyima. Sijui kama umewahi kufunga swali. Nilimaliza mchana mzima sijalisema, nikalala limenikaa kooni kama tonge la ugali lililokosa mboga. Asubuhi niliamka nalo. Bibi aliniona, lakini alijifanya haoni, na nilimchukia kidogo kwa hilo, na kumpenda, kwa sababu jioni alinipa kichwa cha sato ambacho kwa kawaida hakukigawa kwa mtu.

Gari lililotazamiwa kumleta mama lilikuwa lori la Sefu. Sefu alizaliwa Nyasho. Baba yake alikuwa seremala aliyetokea Kigoma, mama yake wa hukuhuku Musoma, na nyumba yao ilitazamana na msikiti. Mji mzima ulimwita Sefu Kamba, kwa kuwa hapakuwa na kitu katika lori lake kisichoshikiliwa kwa kamba. Boneti ilikuwa na kamba, taa ya kushoto ilikuwa na kamba, na tangi la maji lilifungwa kamba likazibwa matundu kwa sabuni kuukuu. Mlango wa dereva ndio uliokuwa umekata tamaa kabisa. Kitasa chake kilikuwa kimekufa, ukawa unashikiliwa na kamba nene ya katani iliyopita dirishani, na watu walikuwa na utani kwamba Sefu haendeshi lori, analichunga. Hakuna aliyewahi kuuona mlango ule umefungika wenyewe.

Alhamisi Kuu ikafika. Jua lilikuwa limeshagusa ziwa Bibi alipopiga lile pigo moja na kuikumbatia rimu mpaka ikanyamaza. Watu walitoka kanisani bila kuongea, kama ilivyokuwa desturi. Ndipo nikamwona Sefu amesimama nje karibu na mgunga, mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope, kofia yake ameishika mkononi. Alikuwa amengoja ibada iishe.

"Shikamoo mama," alimwambia Bibi.

"Marahaba, mwanangu. Gari liko wapi?"

Mimi nilikuwa nimeshaangalia nyuma yake. Hapakuwa na gari, na hapakuwa na mama.

Akaeleza, huku watu wakimzunguka. Lori lilikuwa limelala kando ya barabara, karibu na njia ya kuingilia Butiama. Rimu ya mbele ilikuwa imepasuka kwenye korongo, haifai tena hata kwa kuchomelea. Abiria walikuwa wazima wote, mama akiwemo. Familia moja ya wakulima, Wakatoliki, iliwapokea, ikawapa pa kulala na uji, na magunia yao yalikuwa yanalindwa na vijana wa pale. Yeye alikuja nusu ya njia kwa miguu na nusu juu ya trekta, na tangu mchana alikuwa amepita gereji zote za Musoma. Kila fundi alicheka kwa huzuni. Rimu ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Magurudumu ya nyuma ya lori lake, yaliyokuwa mawili mawili, yalikwisha kupunguzwa zamani yakabaki moja moja, hapakuwa na la kuazima.

Kisha akainua macho kwenye tawi la mgunga.

"Mama, ile ni ya gari kama langu. Naijua toka mtoto, tulikuwaga tunapita hapa tunaitupia mawe ilie. Matundu yake ya nati ni yaleyale." Akaigeuza kofia mkononi. "Nasikia toka leo mpaka Jumapili hailii. Sasa mimi nikawaza, kama hailii, si itembee?"

Mzee Masatu, mkubwa wa wazee wa kanisa, mtu aliyevaa koti hata kwenye joto la Februari, alikohoa.

"Kengele ya Bwana haivai tairi," alisema.

"Kwani ilizaliwa kengele?" Bibi akamuuliza.

"Ilishawekwa wakfu, Mama Katekista."

"Na lile gari lilikuwa limewekwa wakfu lote, mzee wangu, mbona kiti chake unakikalia wewe."

Watu wakacheka, wakakumbuka ni Alhamisi Kuu, wakaacha. Mzee Masatu hakucheka. Alimgeukia Sefu.

"Na isiporudi? Pasaka tutawaita watu kwa nini, kwa miluzi?"

"Itarudi, mzee. Jumapili kabla ya jua, inshallah."

"Hiyo inshallah ndiyo inayonitia wasiwasi."

"Basi wewe sema amina, mzee, tukutane katikati."

 Bibi aliitazama rimu ile kama mtu anavyomtazama mtoto anayeombwa akakae kwa shangazi. Ilikuwa ya Babu. Kwa miaka yote ya ujane wake alikuwa hajakosa kuipiga asubuhi ya Pasaka hata mara moja, hata mwaka aliokuwa na homa na kubebwa kwa kiti. Nami nilisimama pale mdomo umejaa lile swali langu, meno nimeyabana, nikijitahidi kufunga mpaka mwisho. Bibi akageuka, akaniona. 

"Masatu," alisema, "lete ngazi."

Asubuhi ya Ijumaa Kuu rimu iliteremshwa. Baiskeli iliyoweza kuibeba ilikuwa moja tu, ya chuma kizito, na mwenyewe alikuwa Mzee Masatu. Alisimama akiishika kwa usukani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Kama lazima iende," alisema hatimaye, "na iende na baiskeli ya Mkristo." Wakaifunga rimu nyuma kwa kamba yake ileile ya kengele, Sefu akaanza kusukuma kuteremka. Hakufika mbali. Gurudumu la baiskeli lilipoangukia shimo la kwanza, rimu ikalia ngeng, ndefu, wazi, katikati ya Ijumaa Kuu, na mbwa wote wa mtaa wakajibu.

"Simama," Bibi akaita.

Akashuka kwa haraka. Alikuwa amevaa kanga zake za kanisani, jozi ya mwisho nzuri aliyokuwa nayo, na miaka ile kanga haikuwa kitu cha kuchezea. Akaivua ya juu, akabaki na ya chini, akaizungushia rimu, akaikaza mafundo pande mbili kama anayemvika mtoto mchanga, au kama anayemfunika marehemu.

"Imekufa hiyo," alimwambia Sefu. "Usiipigishe kelele njiani."

"Nimekuelewa, mama."

Alielewa kweli. Hakuipanda baiskeli ile mpaka alipotoka mjini. Aliisukuma polepole kupita katikati ya Nyasho, kichwa ameinamisha, na mwanamke aliyekuwa anatwanga akasimamisha mchi, na wazee waliokaa barazani wakanyanyuka, kwa sababu waliona mtu anapita na kitu kilichofunikwa kwa kanga na hawakutaka kuuliza. Siku ile hatukuhitaji kupita nyumba kwa nyumba kuwaita watu.

Jumamosi ilikuwa ndefu. Wanawake walipiga deki kanisa kwa majivu na maji ya ziwa, wakatoa kile kitambaa cha zambarau kilichokuwa kimechakaa mpaka kuwa rangi ya samaki furu, wakatandika cheupe chenye kiraka kilichogeuziwa ukutani. Mimi nilichuma maua ya manjano kwenye mawe. Nyundo ya Babu ilikuwa juu ya dirisha letu, na kila nilipopita niliigusa. Jioni Mzee Masatu alikuja na jembe bovu na nondo, akaligonga uani kwetu ili Bibi alisikie.

"Kwa tahadhari tu," alisema.

Bibi alisikiliza pigo moja. "Hilo linaita watu shambani," akasema, akarudi jikoni.

Jumapili tulifika kanisani giza likiwa bado halijaondoka vizuri. Nyasi zilikuwa na umande, na ziwa lilinuka kama linavyonuka kabla halijaamka, samaki na matope baridi. Watu walikuwa wengi kuliko mwaka mwingine wowote, kwa maana habari ya rimu ilikuwa imezunguka mji, na wengine walikuja wasimame nje ya ua, majirani wa Kiislamu kutoka Nyasho, jamaa za Sefu. Nao walitaka kujua. Bibi alisimama chini ya mgunga, nyundo mkononi, chini ya tawi tupu. Kasisi, aliyekuwa na kanisa jingine la kuhudumia asubuhi ileile, alitazama saa yake, akatazama mashariki, akamsogelea.

"Mama Katekista," alisema kwa upole, "Bwana amefufuka hata bila kengele."

"Najua, Kasisi. Yeye amefufuka. Sisi ndio tunaohitaji kuambiwa."

Kasisi akarudisha mkono wa kanzu juu ya saa.

Mbingu ilianza kuwa rangi ya ganda la yai. Mtoto wa mtu akalia, akanyamazishwa kwa kunyonyeshwa. Mzee Masatu hakusema kwamba alionya. Nadhani alikuwa anaiwazia baiskeli yake. Jua likatoa ukucha wake wa kwanza juu ya nchi, na hapo niliona kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona: Bibi ameihamishia nyundo mkono wa kushoto, akifuta kiganja cha kulia kwenye kanga. Nikaushika mkono ule. Nilikuwa bado nimefunga. Sikuuliza.

Tuliisikia kabla hatujaiona. Kwanza ilikuwa ngurumo, mbali, chini upande wa barabara kubwa, ikipanda na kushuka kama mzee anayekoroma. Kisha injini ikabadilisha gia kwa mlio ambao kila mtu wa Nyasho aliujua. Halafu honi. Ilikuwa honi ya Sefu, kitu pekee katika lori lile kisichoshikiliwa kwa kamba, na aliishika asiiachie tangu alipoanza kupanda kilima, na juu ya honi tukaanza kusikia sauti za wanawake wanaimba kwamba kaburi li wazi, li wazi, hayupo.

Wale wa nje ya ua ndio waliopiga vigelegele kwanza.

Lori likatokea kati ya mawe, vumbi jekundu limelizingira na jua nyuma yake, magunia yamepanda mpaka juu, wanawake wamesimama juu ya magunia, na juu ya wote, imefungwa miguu kama fahali, baiskeli ya Mzee Masatu. Mama alikuwa mbele kabisa, mkono mmoja ameshika bomba, mwingine ameuinua. Kichwani alikuwa amejifunga kanga ya Bibi, ileile iliyofunika kengele.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka kwamba alinuka dizeli na vumbi la mtama, na kwamba nilisema, uso nimeuzika tumboni mwake, "Umerudi lini?" Akacheka mpaka akakaa chini.

Bibi hakuja kwetu. Alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, akainama, akalitazama, akanyanyua nyundo.  Akaipiga rimu palepale ilipo, ndani ya tairi.

Du.

"Imeamka," Bibi akasema, "ila bado ina usingizi."

Kicheko kilichotoka hapo kilikuwa ibada kamili. Kasisi aliegemea mgunga akifuta macho. Sefu aliteremka, akasogea mbele ya Mzee Masatu, macho mekundu kwa kukesha.

"Jua limenitangulia kidogo, mzee. Unisamehe."

Mzee Masatu aliitazama baiskeli yake kule juu, akamtazama Sefu.

"Jua la Musoma linakuwaga na haraka," alisema.

Sefu alikuwa ameshatoa jeki na spana chini ya kiti. Ndipo Bibi akamshika bega. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Mwanangu, iache ilipo. Honi yako tumeisikia. Inatosha."

"Hapana, mama."

"Utatembelea nini?"

"Mama, niliahidi mbele ya watoto." Akaanza kulegeza nati. "Na nikiondoka nayo leo, mzee huyu atakuwa alisema kweli."

"Mimi nimeshafuta maneno yangu," alisema Mzee Masatu. Lakini alikuwa tayari anavua koti lake, koti ambalo hatukuwahi kuliona limetengana naye, akakunja mikono ya shati, akachukua mtaimbo. Wakaweka mawe chini ya ekseli. Kasisi mwenyewe alibeba jiwe moja kifuani, kanzu nyeupe na yote. Tairi liligoma, likagongwa, likakalishwa, likagongwa tena, wanawake wakiimba kufuata mapigo, mpaka likatoka kwa mlio wa kupumua na rimu ikabaki uchi kwenye umande.

Kamba ya kengele ilikuwa imekatika njiani. Watu wakaanza kutazamana. Sefu akaenda kwenye mlango wake wa dereva, akafungua fundo lililokuwa halijafunguliwa vizuri sijui tangu lini, akavuta ile kamba nene ya katani kupitia dirishani, akapanda ngazi, akaitundika rimu kwenye tawi.

Bibi akapiga.

Ilikuwa imebadilika. Mahali fulani kwenye korongo la Butiama ilikuwa imepata ufa mdogo ukingoni, na baada ya kila pigo, sauti ilipokuwa inakwenda, ilibeba mtetemo mwembamba, kama mtu anayeimba huku machozi yanamlenga. Haikuwa imewahi kuwa nzuri hivyo. Bibi alipiga mpaka kilemba kikamvuka. Alipiga mpaka watu waliokuwa majini wakageuza mitumbwi waje waone kuna nini. Kasisi aliinua mikono akatangaza kwamba Bwana amefufuka, na ule ua wote, wenye kanzu na wenye baraghashia, ukarudisha sauti kama wimbi, kila mmoja kwa maneno yake.

Mimi nilifikiri huo ndio ushindi wenyewe. Mama amerudi, kengele imerudi, uji wa mtama utakuwepo. Nilikuwa mtoto, na hayo yalinitosha.

Enzi za ruksa zilipofika, biashara ikaachiwa huru, maduka ya Musoma yakajaa mpaka barabarani, na rimu zikawa zinapangwa nje kama sahani, kubwa kwa ndogo. Nilikuwa nimeshakua. Siku moja nilikuwa nalipita rundo la namna hiyo pale Bunda stendi nikasimama ghafla, kwa sababu ndipo nilipoliona akilini, miaka yote ile baadaye, lile lori. Niliona gurudumu lake la mbele halipo. Niliona limekaa juu ya mawe, uani pa kanisa, na wote tumeingia ndani tunaimba. Tulikuwa tumempokea mama na kengele kutoka kwa mtu aliyetuachia miguu yake.

Usinielewe vibaya, hatukumwacha hivyo. Jumatatu ya Pasaka, Bibi alinituma nyumbani kwao kumwambia aje aichukue rimu, na kwa majuma mengi, mpaka ilipopatikana nyingine, ile yetu ilibeba magunia siku za kazi na Jumapili ikaning'inia mgungani kuita watu, na Mzee Masatu alikuwa wa kwanza kufika kila Jumamosi na mtaimbo wake. Nadhani hapajawahi kuwa na kengele iliyoihubiri Injili kwa upana huo. Nilipomuuliza Bibi uzeeni mwake kama aliogopa Alhamisi ile, alisema kwamba kila mwaka alikuwa akijinyima kitu ambacho hakukipenda sana, na kwamba mwaka ule Mungu alimkagua.

Lakini asubuhi ile ya Pasaka, Sefu hakuwa anajua kwamba Jumatatu itakuja na mtoto wa kumwita. Hilo ndilo ninalolirudia kila ninaposikia rimu ikigongwa. Alikuwa hajui, na alikuwa ameshatoa.

Nilikuwa mlangoni mwa kanisa, mwisho wa mstari, mama amenishika mkono. Ndani walikuwa wameanza wimbo. Niligeuka nikamwona peke yake uani, ananawa grisi kwa umande wa nyasi. Aliingiza kichwa kwenye lori, akachukua koti lake na mfuko wake mdogo, akausukuma mlango wa dereva. Ukarudi. Hapakuwa na kamba tena ya kuushika. Akausukuma tena, ukarudi tena, akacheka peke yake. Kisha akauinua kidogo kwa bega, taratibu, kama asiyetaka kumwamsha mtu aliyelala ndani, akausukumiza mara ya tatu, na akaanza kuteremka kwa miguu kwenda Nyasho bila kuangalia nyuma, na mlango ule ambao mji mzima ulijua kwamba haufungiki, ukafunga.